Jina Chini ya Utepe

1

Ilikuwa saa nane kasorobo mchana, na saa kumi kamili diski ya baba yake ingefutwa. Somoe Likanda alikuwa amekaa mbele ya kompyuta ya nyumbani kwao, Newala, akitazama kipande cha utepe mweusi kilichobandikwa kwenye kona ya skrini. Chini ya utepe ule kulikuwa na jina. Somoe alilijua, maana yeye ni fundi wa diski na macho ya fundi hayana adabu, lakini hakuwahi kulitamka. Hata mimi ninayesimulia silitaji hapa, na wewe usiniulize. Ni jina la utotoni la mwanamume aliyekwisha kutoka jandoni, na huku kwetu jina la namna hiyo likishaachwa porini halirudishwi mjini na mtu yeyote, sembuse binti yake wa kumzaa.

Mashine haikuwa na habari na mambo hayo. Tangu Jumanne ya wiki iliyopita, siku sheria mpya ilipoanza, kila asubuhi ilimuuliza mzee kwa sauti ya upole kabisa kama yeye ndiye fulani, ikataja jina lile, ikangoja. Mzee akainuka, akatoka nje, akaenda kukaa kwenye kigogo karibu na banda la kuku. Leo ilikuwa siku ya saba.

Ni vizuri ujue jambo hili lilivyokuja. Miaka tisa nyuma homa ilipita nyanda za juu, na wale iliowaacha hai iliwaachia vichwa vinavyovuja. Ilianza kula kumbukumbu za juzi, ikarudi nyuma kidogo kidogo, kama mtu anayefumua mkeka kuanzia ukingoni. Madaktari waliwahi kunakili kilichokuwa vichwani na kukitia kwenye diski, kila mgonjwa na yake, kwa jina la cheti cha kuzaliwa, halafu wakampachika kinasa kidogo nyuma ya sikio. Tangu hapo mgonjwa akilala, usingizi unamrudisha mahali homa ilipoishia. Akiamka, kinasa kinaiita diski yake kwa jina na kumrejeshea maisha yake kwa dakika sita. Ausi Likanda, mtu wa miaka sitini na tisa, kila akifumbua macho alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, mpaka diski imwongezee ile arobaini na sita iliyobaki.

Zamani ilitosha kidole gumba. Somoe alikuwa akiingia chumbani mzee bado ana usingizi, anamshika mkono, anauweka kwenye mashine, na chai ikiwa tayari, baba anakuwa baba. Lakini watu hawaachi ujanja. Wengine walianza kufungua diski za wazazi wao ili wachungulie siri, wengine za wake zao. Ndipo ikatungwa sheria kwamba mwenye diski aitike jina lake mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe, akiwa macho. Asiyeitika siku saba ahesabiwe kuwa haitaki, na diski isafishwe apewe mgonjwa mwingine, kwani diski ni chache na wanaongoja ni wengi. Somoe aliiunga mkono sheria hiyo. Alitia saini barua ya mafundi, na alitia saini kwa moyo mmoja.

Kubadili jina la diski si kazi. Unafungua orodha, unaigusa diski, unachagua kubadili jina, unaandika, umemaliza. Mtoto wa darasa la tatu anaweza. Somoe alikuwa akiwabadilishia watu kila wiki: aliyesilimu, aliyebatizwa, aliyeandikwa vibaya na karani. Sharti ni moja tu, kwamba mwenyewe awe ameitika kwanza na diski iko wazi. Kwa hiyo baba yake angeweza kulibadili jina lile siku yoyote katika miaka tisa. Ila kulibadili kulitaka kulizungumza, na mzee Ausi hakuwa tayari kulizungumza na kiumbe. Alitafuta utepe akalifunika. Na binti yake, fundi anayesifiwa mpaka Tandahimba, akaogopa kumgusia. Wahenga hawakukosea waliposema mganga hajigangi.

2

Asubuhi ya siku ile ilikuwa kama sita zilizoitangulia. Somoe aliingia na kikombe cha uji, na mzee alipomwona aliketi wima kitandani, akajifunga shuka vizuri kwa heshima.

"Shikamoo, mama," alisema.

Hakuna kitu kilichomchoma Somoe wiki ile kama salamu hiyo. Ana miaka thelathini na minane, na baba yake anamwamkia. Siku ya kwanza alishindwa kujibu akatoka mbio. Siku ya pili alijibu marahaba, akaona haya mchana kutwa. Siku hii ya saba aliinamisha kichwa tu, akaweka uji juu ya kiti.

Kijana huyo ndani ya mwili wa mzee aliuliza maswali yake yale yale. Hapa ni kwa nani? Mbona mikono yake imekunjamana hivi, ameugua nini? Vioo vyote Somoe alikwisha kuvigeuza vitazame ukuta, lakini mikono huwezi kumgeuzia mtu. Alimweleza kwamba aliugua homa na kwamba yuko mahali salama. Kijana alishukuru, kisha akasema asingependa kukaa sana, maana ana safari ya kwenda kwa kina Esha binti Mchora kupeleka posa, na wazee wake wanamngoja.

Esha binti Mchora alikuwa mama yake Somoe. Alizikwa miaka sita iliyopita.

Baadaye mashine iliuliza swali lake. Kijana alisikia lile jina, akakunja uso. Aliuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyeifundisha mashine utovu wa adabu namna hiyo. Somoe alianza kueleza, lakini yeye alikuwa amekwisha kushika mlango. Tangu saa mbili hadi sasa alikuwa nje, akipigilia mbao za banda la kuku ambalo halikuwa limeharibika.

3

Selemba, fundi mwenzake, ndiye aliyempa njia. Alimpigia simu saa nne, akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka kidogo kwa huruma. Akamkumbusha kwamba kule karakana wanazo mashine za zamani, za kabla ya sheria, zisizouliza kitu. Achomoe diski, aichomeke kwenye mashine hiyo, aibadili jina iitwe Ausi Likanda, airudishe nyumbani. Kompyuta ya nyumbani itaiona kuwa diski mpya na itauliza kwa jina jipya. Ataulizwa kama yeye ni Ausi Likanda, atasema ndiye, kama ambavyo mwanamume yeyote mwenye akili zake angesema. Dakika sita, na baba amerudi. Selemba alisema ameshawafanyia watu wawili na hakuna aliyekamatwa.

Mashine ya zamani aliyoletewa kutoka karakana sasa ilikuwa mezani, kando ya ile ya nyumbani, na diski ilikuwa ndani yake. Saa ilikuwa nane na nusu.

Kilichomzuia Somoe si woga wa kukamatwa. Kijana yule pale nje angeulizwa swali moja akalijibu, bila kujua kwamba amejibu jingine. Angedhani ameulizwa jina lake, kumbe ameulizwa kama yuko tayari asiwepo. Kwa sababu hilo ndilo linalotokea, na Somoe hakuwahi kulitazama usoni mpaka wiki hii. Kwa miaka tisa, kila asubuhi, alimshika kijana huyo mkono akiwa na usingizi na kummwagia mzee kichwani. Hakuwahi kumuuliza. Kabla ya sheria hii hakujua hata kama yupo mtu wa kuulizwa.

Na hata hivyo alimtaka baba yake. Alimtaka kwa uchungu, yule mzee mbishi anayejua kwamba Somoe hali bamia, anayekumbuka siku alipoanguka kutoka kwenye mkorosho, anayemkosoa namna anavyokaanga samaki. Nani mwingine duniani alimjua hivyo? Saa kumi ikipita, hakuna tena. Atabaki na kijana mpole atakayemwamkia shikamoo kila siku hadi kufa, huku akiulizia posa ya marehemu.

Alifungua orodha. Akaigusa diski. Akachagua kubadili jina, na kisanduku cheupe kikatokea kikipepesa. Aliandika herufi nne, akasita, akaanza jina la pili.

"Mama, mbona unaandika jina langu?"

Alikuwa amesimama mlangoni, nyundo mkononi. Macho yake yalikwenda kwenye skrini, yakahamia kwenye kompyuta nyingine na ule utepe, yakarudi kwa Somoe.

Angeweza kudanganya. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mzuri kabisa, kwamba anaandika majina ya wagonjwa. Ilikuwa imebaki saa moja na dakika kumi. Alifuta herufi zote, akageuza kiti.

"Kaa," alisema. "Nilikuwa nataka kukuibia kitu. Kaa nikwambie."

4

Alimweleza yote. Ilichukua muda, kwa sababu kijana hakuwa mjinga na kila jambo alitaka ushahidi wake. Somoe aligeuza kioo. Kijana alijitazama, akagusa mvi za kidevuni, akazivuta moja moja hata Somoe akatazama saa mara mbili. Halafu akauliza, pole pole, yeye Somoe ni nani hasa. Alipojibiwa, aliinuka kwenye kiti kwa mshtuko wa mtu aliyemwamkia mwanawe.

Ilipofika saa tisa na robo aliuliza juu ya mzee aliyemo ndani ya diski. Hakuuliza kama ana mali wala kama ana heshima.

"Ni mtu mwema?"

Somoe aliona mlango huo umefunguka, na aliona jinsi ilivyo rahisi kupita. Aseme ndiyo. Kwa sehemu kubwa ni kweli. Lakini alikwisha kusema kwamba hataiba, na jibu nusu ni wizi pia.

Alisema baba yake alimlea kwa mikono yake mwenyewe, hakumpiga, alimsomesha ufundi watu wakimcheka kwamba anamharibu mtoto wa kike. Alisema ni mkaidi. Kisha akasema habari ya mama. Kompyuta ilipoletwa mara ya kwanza, mama aliliona jina lile kwenye skrini, akalijua. Hakulisema miaka mitatu. Siku moja waligombana, ugomvi wa kipuuzi wa nani aliyeacha mbuzi waingie kwenye mihogo, na kwa hasira akamwita kwa jina lile mbele ya majirani.

"Hakusema naye tena," Somoe alisema. "Walikaa nyumba moja, wanakula chungu kimoja, wiki kumi na moja hakumpa neno. Kila asubuhi diski ilimkumbusha kwamba amenuna, naye akaendelea kununa. Mama akaugua, akafa. Hawakusemezana."

"Mama gani?"

"Esha. Esha binti Mchora."

Nyundo ilikuwa bado mkononi mwake. Aliiweka chini kwa uangalifu mkubwa, kama kitu kinachovunjika. Akasema hapana, hawezi, Esha hata hajamjibu posa. Akatembea hadi dirishani. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, na Somoe, aliyekuwa na haki ya kumfariji baba lakini hakujua kama ana haki ya kumfariji huyu, alibaki kitini akilia kivyake.

"Sitaki kuwa mtu huyo," kijana alisema.

"Najua."

"Nikikataa?"

"Saa kumi watakifuta kila kitu. Utabaki kama ulivyo. Nitakutunza, sitakuuliza tena, naapa."

"Na Esha?"

Somoe hakuelewa.

"Esha wa hiyo miaka yote," alisema. "Kabla ya hizo wiki. Yuko wapi?"

"Humo humo. Kwangu mimi yupo kama mama tu. Mengine yote yamo humo." Alinyoosha kidole kwenye diski. "Mlicheka sana nyie wawili. Nilikuwa nawasikia chumbani nakasirika, sijui mnacheka nini."

Saa tisa na dakika ishirini na tano. Kijana alisimama akitazama diski, kitu chembamba cha rangi ya majivu ambacho ungekiweka mfukoni na kukisahau. Kisha aliuliza jambo ambalo Somoe hakulitazamia. Aliuliza kama jina lile linaweza kuondolewa kabisa. Somoe akasema ndiyo, kwa njia mbili. Ipo hii ya wizi, hapa hapa, bila kuitika. Na ipo ya halali: aitike mara moja, diski ifunguke, kisha kwa mkono wake mwenyewe aandike jina jingine.

"Kule kibandani jandoni," kijana alisema, "siku ya mwisho kungwi alituita kwa majina ya kitoto, mmoja mmoja. Ukaitika mara ya mwisho. Ndipo kibanda kikachomwa. Asiyeitika hakuwa ameliacha jina, alikuwa amelikimbia." Aliutazama utepe. "Hilo jina limeshaua mtu. Rudisha diski mahali pake. Kisha utoke."

"Nitoke?"

"Wewe ni mwanangu, ndivyo ulivyosema. Huwezi kunisikia nikiliitika. Na uniachie kiberiti."

5

Somoe alirudisha diski kwenye kompyuta ya nyumbani, akamwonyesha kitufe cha kuita swali na mahali pa kuandikia, akaweka kiberiti mezani. Alitoka hadi kwenye banda la kuku. Alipogeuka alimwona kupitia dirishani, mgongo umenyooka mbele ya skrini. Akatia vidole masikioni.

Hapo palikuwa na kazi ngumu kuliko ufundi wote aliosomea. Akiondoa vidole atajua kama ameitika. Asipoviondoa atabaki na hofu. Kuku walimzunguka wakidhani ameleta pumba. Alihesabu dakika sita kwa kichwa, akakosea, akaanza upya. Aliwaza kwamba huenda kijana amekaa tu pale, akitazama, na muda unapita. Hakuviondoa vidole.

Moshi ndio uliomwambia. Ulipita dirishani, mwembamba, wenye harufu mbaya ya plastiki iliyoungua. Utepe.

Mzee alitoka akishikilia mwimo wa mlango. Alikuwa na majivu kwenye vidole. Somoe alishusha mikono, akasogea hatua mbili, akasimama.

"Shikamoo," alisema.

Mzee alijifuta majivu shatini. "Marahaba, Somoe," alisema. Kisha, kwa ukali ule ule wa siku zote, "Na hilo banda nani amelipigilia misumari ovyo hivyo?"

Somoe alicheka na kulia kwa pamoja, akamkumbatia, jambo ambalo hawana desturi nalo. Ndani, kwenye kona ya skrini, pale palipokuwa na utepe, palisomeka jina AUSI LIKANDA kwa herufi kubwa, limeandikwa na mtu asiyezoea kibodi. Saa tisa na dakika arobaini na nane.

Walikaa kwenye kigogo hadi jua likapoa. Mzee aliwatazama kuku tu, na Somoe aliogopa kwamba amechukizwa na habari za mama zilizosemwa. Hakuwa amechukizwa. Alisema anamkumbuka kijana wa leo mchana, kila neno lake, na kwamba aliogopa sana, lakini akaitika.

"Kesho ataamka tena," alisema. "Mashine itamuuliza jina zuri, ataitika bila kufikiri. Usimwache aitike hivyo. Mwambie kwanza, kama leo. Habari ya mama yako usiifiche. Akikataa, mwache."

"Baba, kila siku?"

"Kila siku."

"Kuna siku atakataa."

"Basi siku hiyo utakuwa umeshaniaga," mzee alisema, akaokota msumari uliopinda, akaanza kuunyoosha juu ya jiwe.

6

Asubuhi Somoe aliizima sauti ya mashine kabla haijauliza. Alichemsha uji, akaonja, akaongeza sukari, akaona anachelewa kwa makusudi. Jana kabla ya kulala alikuwa ameshikana mikono na baba yake kwa muda mrefu kuliko kawaida, na wote wawili walijua kwa nini.

Aliingia. Mzee alifumbua macho, akaitazama dari, akaitazama mikono yake. Kisha alimwona mwanamke aliyesimama na kikombe, akaketi wima na kujifunga shuka vizuri.

"Shikamoo, mama."

Kioo kilikuwa tayari, kimegeuzwa, kiko juu ya kiti. Somoe alivuta kigoda, akakaa karibu naye.

"Marahaba," alisema. "Kunywa uji kwanza. Halafu nitakupa habari za mzee mmoja, uamue mwenyewe kama unamtaka. Nitaanza na ubaya wake."